Shajara ya mradi: ethi ya mnara wa redio juu ya mawe ya Mwanza

Mradi: mnara wa antena wa mita 15 kwenye kiwanja changu kilimani, Mwanza, kwa ajili ya redio ya ridhaa. Leseni ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano, ipo mkononi. Mnara wenyewe haunisumbui sana: vipande vitano vya mita tatu kila kimoja, chuma kilichopakwa zinki, stei za waya pande tatu. Kinachonisumbua ni ethi, yaani njia ya kupeleka umeme ardhini, na ndiyo maana sehemu kubwa ya shajara hii itakuwa ya mambo ya chini ya ardhi.

Juni, mwishoni

Sijanunua hata bolti moja. Kwanza nataka hesabu ikae sawa.

Anayeishi kando ya Ziwa Victoria hahitaji kusimuliwa habari za radi. Mchana nchi kavu hupata joto na mawingu hujijenga juu ya vilima. Usiku upepo hugeuka, ukatoka nchi kavu pande zote kuelekea ziwani, hewa ikakutana katikati ya maji na ngurumo zikaanza upya hadi alfajiri. Magharibi mwetu hali ni kali zaidi. Setilaiti ya TRMM ilihesabu kwa miaka mingi mimweko ya radi duniani, na Kabare, huko Kivu Kusini nchini Kongo, ikashika nafasi ya pili: mimweko 205 kwa kila kilomita ya mraba kwa mwaka, nyuma ya ziwa Maracaibo la Venezuela lenye 233. Mtu anayesimika chuma kirefu katika sehemu hii ya dunia aanze na wazo kwamba siku moja radi itatua juu yake.

Kanuni ninazofuata ni IEC 62305 ya kimataifa, sehemu ya 3, kwa upande wa radi, na BS 7671 ya Uingereza kwa nyaya za ndani, ile ambayo mafundi wengi wa Afrika Mashariki huitumia. Nimesoma pia Ibara ya 810 ya kanuni za umeme za Marekani, kwa kuwa imeandikwa mahsusi kwa antena za redio. Humo kuna jambo lililonisimamisha. Waya wa kutoka kwenye antena kwenda ardhini unaruhusiwa kuwa wa namba 10 kwa vipimo vyao, yaani kama milimita 5 za mraba. Lakini waya wa kuunganisha ethi ya antena na ethi ya umeme wa nyumba unatakiwa usipungue namba 6, karibu milimita 13 za mraba. Waya wa kuunganisha umedaiwa uwe mnene kuliko waya wa kwenda ardhini. Walioandika kanuni hiyo walijua hatari iko wapi.

Hesabu yake ni hii. Tuseme radi ya ampea 20,000 imetua juu ya mnara, na ethi ya mnara ni nzuri sana, ukinzani wake ni omu 10 tu. Ampea 20,000 mara omu 10 ni volti 200,000. Kwa sehemu ndogo ya sekunde mnara wote, pamoja na ganda la kebo ya antena, umepanda hadi volti laki mbili. Kama ethi ya nyumba iko mita kumi pembeni bila kuunganishwa, yenyewe imebaki karibu na sifuri. Tofauti ya volti laki mbili itatafuta njia, na njia iliyopo ni kebo ya antena kuingia kwenye redio, kupita kwenye plagi, hadi ethi ya nyumba. Njiani yuko mtu aliyeshika maiki.

Kwa hiyo lengo la mradi nimeliandika hivi juu ya ukurasa wa kwanza: kila chuma na kila waya wa nyumba hii upande pamoja na ushuke pamoja. Wimbi linapoinua mtumbwi, waliomo wote huinuka nao na hakuna anayemwagika. Omu ni jambo la pili.

Julai, mwanzoni

Leo ni kupima udongo. Nimechagua kiangazi makusudi, maana ethi inayopimwa wakati wa masika humpa mwenyewe matumaini yasiyo yake.

Njia ni ya Wenner: vijiti vinne vya chuma kwenye mstari mmoja, nafasi sawa kati yao. Mita hupitisha mkondo kwenye vijiti viwili vya nje na kusoma volti kwenye viwili vya ndani. Ukinzani wa udongo ni mara mbili pai, mara nafasi ya vijiti, mara omu zilizosomwa. Uzuri wake ni kwamba ukipanua nafasi, mkondo unapita chini zaidi, kwa hiyo unauona udongo wa kina zaidi bila kuchimba.

Majibu:

Nafasi ya nusu mita: omu 57, sawa na omu-mita 179.
Mita moja: omu 33, sawa na 207.
Mita mbili: omu 31, sawa na 390.
Mita nne: omu 39, sawa na 980.

Namba hizi zinasema yote. Juu kuna udongo wa wastani, na kadiri unavyoshuka unakutana na granaiti yetu. Watu wanaouita mji huu mji wa miamba hawakutia chumvi. Ushauri wa kawaida wa ethi ni kwenda chini: gonga rodi, unganisha nyingine juu yake, gonga tena mpaka maji. Hapa ushauri huo ni kupoteza shaba. Rodi ya mita moja na nusu ikizungukwa na udongo wa omu-mita 1,000 hutoa karibu omu 600. Ukigonga ya pili na ya tatu ndani ya jiwe, kama jiwe litakubali, bado utakuwa kwenye mamia.

Njia iliyobaki ni kwenda kwa upana. Utepe au waya wa shaba ulale ndani ya udongo wa juu, ule wa omu-mita 200, utawanyike pande kadhaa. IEC yenyewe inakubali: inasema kinachotangulia kwa radi ni umbo na vipimo vya ethi, kisha inapendekeza ukinzani uwe mdogo, ikiwezekana chini ya omu 10. Kwa kinga ya daraja la tatu na la nne, mkono mmoja wa kulala ardhini usipungue mita 5, na rodi ya kusimama isipungue mita 2.5, tena iwe si chini ya mbili. Mkono ulazwe kina cha nusu mita au zaidi.

Jambo jingine la kukumbuka kabla ya kuchora: mikono mingi mifupi ni bora kuliko mmoja mrefu. Radi hupanda kwa kasi ya mikrosekunde chache, na waya wowote hukataa badiliko la ghafla la mkondo. Kila mita ya waya ina karibu mikrohenri moja, na mkondo unaopanda ampea 10,000 kwa mikrosekunde huacha volti 10,000 juu ya kila mita hiyo. Mkono ukivuka mita ishirini au thelathini, ncha yake haisaidii tena kwenye radi, hata kama mita ya ethi inaipenda.

Mchoro wangu: pete ya shaba kuzunguka msingi wa mnara, mikono mitatu kuelekea nanga za stei, na mkono wa nne kuteremka kwenye migomba, ambako maji ya kuoshea vyombo humwagwa kila siku na udongo haukauki hata Agosti. Mkono wa tano uende nyumbani. Huo wa tano ndio roho ya kazi yote.

Julai, katikati

Kabla ya kugusa mnara nimeikagua ethi ya nyumba. Nyumba zetu ziko kwenye mfumo wa TT: TANESCO wanaleta fezi na nyutro, ethi ni ya mwenye nyumba. Yangu niliikuta chini ya bomba la maji ya mvua, nyuma ya jiko. Rodi ilikuwa imegongwa hadi kwenye jiwe, ikakatwa kwa msumeno, sentimita kama sabini tu zimo ardhini, na waya umezungushwa juu yake kwa binding waya ya kufungia nondo. Binding waya ilikuwa imeshakuwa unga wa kutu.

Kipimo: omu 310.

Kwa umeme wa kawaida hilo si janga, ilimradi ELCB ya miliampea 30, swichi inayokata umeme unapovuja, ipo na inafanya kazi. Omu 310 mara miliampea 30 ni kama volti 9, na mpaka wa hatari ni volti 50. Lakini ondoa ELCB, au iache ikwame, uone: volti 230 kugawa kwa omu 310 ni robo tatu ya ampea. Hakuna bereka duniani itakayokatika kwa mkondo huo. Pasi itakuwa na umeme kwenye mwili wake na hakuna kitakachozima. Nimebonyeza kitufe cha majaribio cha ELCB. Ikakata mara moja. Nawasihi wasomaji mbonyeze cha kwenu leo.

Agosti, mwanzoni

Msingi wa mnara umechimbwa: mita 1.2 kwa 1.2, kina mita moja, sururu na mtaimbo, na chini kabisa tumekuta bapa la granaiti. Kwa uzito wa mnara ni baraka.

Kwa ethi, zege lenyewe ni mali. Wakati wa Vita Kuu ya Pili mhandisi Herbert Ufer alipewa kazi ya kukinga na radi maghala ya mabomu ya jeshi la Marekani huko Arizona, jangwani, mahali ambapo udongo ni mkavu mwaka mzima. Alitumia nondo zilizomo ndani ya misingi ya zege kuwa ethi. Zege hunyonya unyevu wa ardhi na kuushika, nalo lina eneo kubwa la kugusana na udongo kuliko rodi yoyote. Vipimo vya miaka iliyofuata vilibaki omu chache tu. Kanuni za Marekani sasa zinaitambua njia hiyo: nondo ya milimita 13 au zaidi, urefu wa mita 6 au zaidi, ifunikwe na zege la sentimita 5 pande zote.

Kikapu cha nondo cha msingi wangu kina zaidi ya hapo kwa mbali. Tumefunga makutano yote kwa binding waya, na pembe za kikapu tumezichomelea, pamoja na bolti za kushikia miguu ya mnara. Hili la bolti ni la lazima. Bolti ikikaa ndani ya zege bila kugusana na nondo, mkondo wa radi utaruka ndani ya zege, unyevu utageuka mvuke ghafla, na zege litapasuka kutoka ndani.

Fundi wa zege alikuja na nailoni ya kutandika chini ili maji ya saruji yasinyonywe na udongo.

"Fundi, hapa hatutandiki," nikamwambia. "Nataka zege liguse ardhi lenyewe."

"Mzee, litakauka haraka, litapata nyufa."

"Tutamwagia shimo maji usiku, na zege tutalifunika magunia juu."

Akakubali. Nailoni chini ya msingi ingefunga njia yote niliyokuwa naitengeneza. Magunia yenye maji yamekaa wiki nzima.

Agosti, katikati

Mitaro. Kina cha nusu mita hadi sitini, na pale jiwe lilipojitokeza tumelizunguka badala ya kulivunja, ila kwa mpindo mpana; radi haipendi kona kali.

Shaba niliyonunua ni waya mtupu wa milimita 50 za mraba. Ndicho kipimo cha chini kwa IEC kwa ethi ya shaba, na sikutaka kushuka. Ni kitu ghali kuliko vyote katika mradi huu, kuliko hata mnara. Pia huvutia wezi, kwa hiyo hakuna kipande cha shaba kitakachoonekana juu ya ardhi bila kufunikwa kwa bomba au zege.

Hapa pakawa na majadiliano marefu na fundi umeme kuhusu chumvi na mkaa. Ni desturi ya miaka mingi: shimo, rodi, chumvi, mkaa, chumvi, mkaa, maji. Na kweli omu hushuka siku hiyo hiyo.

"Mzee, gunia moja tu la chumvi, utaona mita inavyoanguka."

"Itaanguka, fundi. Kisha masika ije iioshe chumvi yote iende ziwani, na iliyobaki iwe imeanza kuila shaba. Nitakuita tena baada ya miaka mitatu?"

Alicheka, lakini akaniuliza tuweke nini. Tumeweka bentonaiti, ule udongo laini ambao wachimba visima hutumia kushikilia kuta za shimo. Ukiloweshwa huvimba, hushika maji kwa muda mrefu, wala hauna chumvi ya kula chuma. Tumeukoroga uwe uji mzito, tukaumwaga chini ya mtaro, waya ukalala katikati yake, ukafunikwa na uji mwingine kabla ya udongo wenyewe kurudi. Kwenye mkono wa migomba hatukuweka. Unyevu wa pale unatosha.

Mawe yaliyotoka mtaroni hayakurudi ndani. Kuzunguka waya kuna udongo uliochekechwa tu, kwa kuwa jiwe likiegemea waya linaacha tundu la hewa, na hewa haipitishi kitu.

Septemba, mwanzoni

Maungio.

Chini ya ardhi sitaki klempu hata moja. Maungio yote ya shaba kwa shaba tumeyachomelea kwa unga wa oksidi ya shaba na alumini ndani ya kalibu ya grafiti. Unawasha, unafumba macho, sekunde chache tu kazi imekwisha. Shaba iliyoyeyuka imejaza kalibu na waya mbili zimekuwa kitu kimoja. Kulehemu kwa risasi hakufai hapa. Mkondo wa radi ungeiyeyusha risasi na kiungo kikafunguka wakati ule ule unapokihitaji.

Juu ya ardhi, pale shaba inapokutana na mguu wa mnara, tatizo ni jingine. Shaba na zinki zikigusana penye unyevu, zinki huliwa, kisha chuma kilicho chini yake huanza kutu. Nimeweka klempu za shaba iliyopakwa bati, kipande cha stenlesi kati yake na mguu, bolti za stenlesi, na grisi ya maungio. Kila mguu kati ya mitatu una waya wake kwenda kwenye pete. Nimehakikisha pia hakuna shaba yoyote iliyo juu ya chuma chenye zinki: maji ya mvua yanayochuruzika kutoka kwenye shaba hubeba chembe zake na kula zinki kule chini hata kama vitu viwili havigusani.

Nanga za stei zimetobolewa ndani ya granaiti yenyewe. Kwa nguvu, hakuna nanga bora zaidi. Kwa ethi, jiwe kavu ni kihami, kwa hiyo ncha ya chini ya kila stei imeunganishwa na mkono wa shaba unaoishia pale. Stei zenyewe nimezikatisha kwa insuleta za kauri zenye umbo la yai ili zisivuruge antena ya bendi ya mita 40 (huo ni urefu wa wimbi la redio, si wa antena). Radi itaruka juu ya insuleta hizo bila shida, na ikishuka kwenye nanga itakuta njia.

Septemba, katikati

Mnara umesimama. Kipande kwa kipande, watu wanne, kamba, mikanda ya usalama, asubuhi isiyo na upepo. Kwenye kila kiungo tumekwangua rangi mpaka chuma kikaonekana kabla ya kukaza. Juu kabisa ipo fimbo ya kupokea radi inayozidi kimo cha antena ya VHF, na antena imefungwa kwenye mkono wa pembeni, chini ya ncha. Mnara wenyewe ndio njia ya kushuka. Hakuna haja ya waya wa pekee kuteremka kando yake.

Septemba, mwishoni

Wiki ya nyumbani, na kwangu ndiyo muhimu kuliko zote.

Kebo za antena zinateremka ndani ya mnara hadi chini kabisa. Ganda lake limeunganishwa na mnara juu na chini. Zinaondoka kwenye mnara sentimita chache tu kutoka ardhini, zinaingia kwenye bomba la plastiki lililozikwa, sambamba na waya wa shaba wa mkono wa tano. Nimeona minara mingi ambayo kebo inaondoka mita tano juu na kuning'inia hadi dirishani. Inaonekana nadhifu, lakini wakati wa radi mita tano za mnara zina makumi ya maelfu ya volti kati ya juu na chini, na kebo inayotokea huko juu inazipeleka zote sebuleni.

Ukutani, nje, kuna bamba la shaba la milimita tatu. Hapo ndipo mlango wa kila kitu. Kebo mbili za antena zinapita kwenye arresta, yaani vikinga radi vya kebo, zenye kidonge cha gesi, zilizofungwa juu ya bamba. Kebo ya dishi la king'amuzi, iliyokuwa ikipita dirisha la upande wa pili, imehamishiwa hapo. Kebo ya antena ya intaneti iliyoko paani, vilevile. Watu hulaumu king'amuzi kufa kila msimu wa mvua. Mara nyingi kilichokiua ni dishi lenye njia yake ya kwenda ardhini na umeme wenye njia yake nyingine, king'amuzi kikiwa katikati.

Kutoka kwenye bamba waya wa milimita 50 unashuka wima kwenye ethi, na mwingine wa milimita 16 unaingia ndani moja kwa moja hadi upau wa ethi wa meni swichi. Sehemu hii imefanywa na fundi mwenye leseni ya EWURA, meni ikiwa imezimwa, na mimi nimeshika tochi. Rodi ya zamani ya nyuma ya jiko imefungwa klempu ya kweli na kuunganishwa kwenye mfumo. Ethi haiachwi peke yake, hata iliyo mbovu. Bomba la chuma la maji limeungwa, na fremu ya paneli ya jua pia.

Kwenye DB, yaani sanduku la bereka, imewekwa kinga ya radi ya aina ya 1, yaani ile inayoweza kubeba mkondo wa radi yenyewe na si mawimbi madogo ya kwenye laini tu. Kwa mfumo wa TT ina utaratibu wake: inakaa kabla ya ELCB, kati ya fezi na nyutro kuna kinga ya kawaida, na kati ya nyutro na ethi kuna ya gesi. Nyaya zake zote kwa jumla hazizidi nusu mita. Nakumbusha hesabu ya Julai: mita moja ya waya ni volti elfu kumi. Kinga ya bei kubwa iliyofungwa kwa waya wa mita moja na nusu uliokunjwa vizuri ni fedha iliyotupwa.

Oktoba, mwanzoni

Kipimo cha kwanza cha mfumo mzima, ardhi ikiwa bado kavu. Ili usomaji uwe wa kweli kijiti cha mkondo lazima kiwe mbali sana kuliko upana wa ethi yenyewe, basi tumevuta waya karibu mita mia kufuata njia ya miguu, na kijiti cha volti kikawekwa kwenye asilimia 62 ya umbali huo. Kisha tukakisogeza mbele na nyuma kidogo kuona kama namba inatulia. Ilitulia.

Omu 12.6.

Kutoka 310. Imezidi kidogo ile 10 inayopendekezwa, lakini ni kilele cha kiangazi juu ya granaiti, na kila mkono umevuka mita 5 zinazotakiwa. Sitaongeza shaba kwa ajili ya kufukuza omu mbili.

Mama jirani, wa nyumba iliyo juu yetu, alisimama kututazama tukivuta waya mbele ya ukuta wake.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Hilo lichuma halitatuletea radi? Sisi tuna watoto."

Ni swali la haki na nilitaka kulijibu bila kumficha. Wengi tulikua tukiambiwa tufunike vioo na tuvue nguo nyekundu mvua ikinguruma. Kioo na nguo havina uhusiano na radi, kimo kinao. Nikamwambia kwamba mnara unaweza kweli kupokea radi ambayo vinginevyo ingetua kwenye mwembe au kwenye paa, na kwamba ndiyo sababu tumechimba miezi yote hii, ili ikitua ipate pa kwenda. Nikamwambia pia hatari iliyobaki ni ya kukanyaga. Mkondo unapoenea ardhini, mguu mmoja waweza kuwa kwenye volti nyingi kuliko mwingine. Juni 2011, katika Shule ya Msingi Runyanya, wilaya ya Kiryandongo nchini Uganda, radi moja iliua watoto 18 wakiwa darasani. Tangu hapo mtandao wa ACLENet, wenye makao Uganda, umekuwa ukiweka kinga za radi kwenye shule. Mama alinyamaza kidogo, akaniuliza kama shule ya watoto wetu inayo. Haina. Tumekubaliana kwenda pamoja kwa mwalimu mkuu.

Oktoba, katikati

Uzio wa mita tatu kuzunguka mnara. Ndani yake tumemwaga kokoto unene wa sentimita 15, kama IEC inavyoelekeza. Kokoto kavu ni kihami kati ya mguu na ardhi. Lami ya sentimita 5 ingefanya kazi hiyo hiyo, lakini Mwanza mtu akikosa kokoto amekosa kutafuta. Nimenunua kwa kina mama wanaoponda mawe barabarani chini yetu, ndoo kwa ndoo. Kibao cha onyo kimeandikwa kwa Kiswahili na kuwekwa kwenye kimo cha macho ya mtoto.

Sheria ya nyumba, imebandikwa kando ya redio: ngurumo ya kwanza ikisikika, kazi inasimama, kebo zinachomolewa na kuwekwa nje ya bamba. Kurudi ni dakika 30 baada ya ngurumo ya mwisho. Ethi haiondoi haja ya kuchomoa.

Novemba, katikati

Vuli imeingia vizuri. Tumepima tena mahali pale pale, vijiti kwenye alama zile zile: omu 7.9. Bentonaiti imekunywa.

Kazi zilizobaki ni ndogo. Klempu za miguu ya mnara zikazwe tena baada ya joto na baridi ya miezi michache, chuma hulegea. Moja ya mabomba ya kufunika shaba kwenye nanga ya kaskazini imesogezwa na maji ya mvua, inahitaji zege. Mchoro wa mitaro, wenye vipimo kutoka pembe za nyumba, umechapwa na kuwekwa ndani ya mlango wa DB, ili atakayechimba msingi wa banda au choo baada yetu ajue shaba imelala wapi. Arresta zikaguliwe kabla ya kila msimu wa mvua, na mara moja baada ya radi yoyote itakayotua karibu, maana kidonge cha gesi hufa kimya na kebo huendelea kupitisha redio kama kawaida. Kipimo kijacho ni Agosti, kiangazi kikiwa kimekolea. Kwa mwalimu mkuu tunakwenda Jumatatu, mita ya ethi nitaibeba.